Nani Atahesabu Miguu?

Ndugu msomaji, kama umewahi kugombea daladala pale Kariakoo saa kumi na moja jioni, konda anagonga bati na kupayuka "sogea nyuma, nafasi ipo," na nafasi yenyewe haipo, basi huna haja ya kufundishwa maana ya neno foleni. Mimi pia nilidhani naijua. Nilidhani foleni ni magari kuwa mengi, basi. Mpaka asubuhi ile shangazi yangu aliponigongea dirisha.

"Mwanangu, amka. We si umesoma? Njoo unisomee hii kitu wanayotaka kutufanyia."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Vaa viatu."

Kitu chenyewe kilikuwa taarifa nene, imebanwa kwa pini, imewekwa juu ya meza katika ofisi ya serikali ya mtaa. Kampuni moja inataka kujenga jengo la maduka katika kiwanja chenye ghala la zamani, pale njia panda yetu: supamaketi chini, maduka juu, maegesho nyuma. Kabla ya kutoa kibali, halmashauri ilitaka iandaliwe taarifa ya athari za usafiri, yaani jengo litaongeza magari mangapi, yatapita wapi, yatasimama wapi. Wananchi tukaitwa tutoe maoni. Shangazi anauza chai na vitumbua pale njia panda tangu mimi sijaanza darasa la kwanza. Alikuwa amesikia neno "barabara" na neno "upanuzi" katika sentensi moja, na usingizi ukamkimbia.

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe. Mtaalamu aliyetumwa kutueleza alikuwa kijana mpole, hana maringo. Akafungua ukurasa wenye jedwali, akatusomea: magari ya asubuhi, magari ya jioni, magari yanayokata kulia, magari yanayokata kushoto. Alipomaliza, shangazi akanyoosha mkono.

"Samahani, baba. Mimi nimo ukurasa gani?"

Watu wakacheka. Yule kijana hakucheka. Alipekua mbele, akapekua nyuma, halafu kwa sauti ndogo akasema wafanyabiashara wa kando ya barabara wametajwa kwenye sehemu ya vizuizi. Vizuizi! Shangazi yangu kawekwa fungu moja na nguzo ya umeme iliyoinama na mtaro ulioziba. Na watoto wa shule ya msingi wanaovuka pale kila siku? Hao walipata mstari mmoja, kwamba waenda kwa miguu wapo.

Shangazi akakaa chini, hakusema tena. Mimi ndiye niliyetoka na hasira. Lakini ukipeleka hasira tupu mbele ya kamati utaambiwa mheshimiwa, tumekusikia, na mchezo umekwisha. Nikaona bora nitafute: hili jedwali lilizaliwa wapi? Na huu mji wetu umewahi lini kuuliza kwamba duka likija, barabara itakuwaje? Niliyoyapata ndiyo haya.

JEDWALI NI MGENI

Mwaka 1956, katika mji wa Edina, jimbo la Minnesota huko Marekani, lilifunguliwa jengo la maduka liitwalo Southdale. Msanifu wake, Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, alikuwa na ndoto nzuri tu. Alitaka watu wa vitongojini wapate mahali pa kukutana pasipo baridi, kama katikati ya mji wa kale. Alichopata ni nyumba ya maduka iliyozungukwa na uwanja mkubwa wa kuegesha magari. Majengo ya namna ile yakazaana Marekani nzima, na baadaye Gruen mwenyewe akayakana hadharani.

Miji ikaanza kujiuliza kama barabara zake zitabeba. Uingereza, mwaka 1963, Colin Buchanan na wenzake waliiandikia wizara ya usafiri ripoti maarufu, Traffic in Towns. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba magari hayadondoki kutoka mbinguni. Kila jengo ni chanzo cha safari, kwa hiyo huwezi kupanga majengo ofisi hii na barabara ofisi ile. Mwaka 1976, chama cha wahandisi wa usafiri cha Marekani kikatoa toleo la kwanza la kitabu cha makadirio: duka la ukubwa huu huvuta safari kadhaa za magari, benki kadhaa, mgahawa kadhaa. Hicho ndicho babu wa jedwali tulilosomewa chini ya mwembe.

Sasa sikiliza kituko. Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikichambua kitabu hicho bila kukionea huruma. Toleo la 1987 lilisema mgahawa wa chakula cha haraka, ule wa kumhudumia mtu akiwa ndani ya gari, huvuta safari 632.125 kwa siku kwa kila futi za mraba 1,000. Desimali tatu, bwana! Shoup akaonyesha kuwa namba hiyo ilitokana na vipimo vinane tu, na kwamba ukitazama vipimo hivyo, ukubwa wa mgahawa na wingi wa magari havifuatani hata kidogo. Tena vipimo vya kitabu hicho vilichukuliwa zaidi kwenye vitongoji ambako maegesho ni ya bure na basi halipiti. Yaani mahali ambapo kila mteja ni gari.

Sina ugomvi na swali lao, maana swali ni la haki na nalitaka liulizwe kwetu kila siku. Ila kipimo kikishonwa kwa mwili wa mtu wa Edina, kitambana mtu wa Manzese.

JINA LA WAPAGAZI

Turudi nyumbani. Kila mtu Dar es Salaam anaijua Kariakoo, lakini uliza kijiweni jina lilitoka wapi, utaona watu wanatazamana.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika kwetu, barabara za magari zilikuwa haba, na wanyama wa mizigo waliangushwa na ndorobo inayoenezwa na mbung'o. Mzigo wa vita ukapanda kichwani kwa binadamu. Waingereza walikusanya wapagazi, wengi kwa nguvu, kikosi chao kikaitwa Carrier Corps. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi wao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa maradhi na njaa. Mahali walipokaa hapa mjini pakabaki na jina lao, na ulimi wetu ukalilainisha likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, ndugu wa tumbo moja.

Nenda kwenye Sanamu ya Askari katikati ya mji, ile iliyowekwa 1927. Maandishi yake yanawakumbuka wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Hata mkoloni, pamoja na ubahili wake wote kwa watu wale, alikiri kwa maandishi kwamba kazi ilifanywa na miguu.

Baada ya vita Kariakoo ikawa soko na makazi ya Waafrika: nyumba za Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Mitaa ilinyooshwa kama mistari ya daftari la hesabu. Ilitosha kwa mwenye kutembea, mwenye baiskeli na mwenye mkokoteni.

SOKO LIPO, BARAZA HALIPO

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilianza kujengwa soko jipya, kazi ya msanifu Beda Amuli. Wewe mwenyewe umeliona: paa la zege kama miamvuli mikubwa imesimama bega kwa bega, na chini ya ardhi nafasi ya mizigo na biashara ya jumla. Ukitazama utaona aliyechora alijiuliza mzigo utakaa wapi na hewa itapita wapi. Mwalimu Nyerere alilifungua tarehe 8 Desemba 1975.

Sasa itazame tarehe hiyo vizuri. Baraza la Jiji la Dar es Salaam lilikuwa limevunjwa mwaka 1974, katika zile siku za madaraka mikoani, na halikurudi mpaka 1978. Maana yake soko kubwa namna ile lilifunguliwa katika jiji lisilo na baraza lake! Soko lilikuwa na shirika lake, lililoundwa kwa sheria ya 1974, la kusimamia soko lenyewe. Lakini huku nje, mitaa ya Mkunguni, Tandamti na Swahili, nani angesimama kuuliza: mheshimiwa mwenyekiti, lori la pili likija na la kwanza halijaondoka, mwenye mkokoteni apite wapi? Sisemi diwani angezuia yaliyofuata. Nasema kiti cha kukalia ukauliza swali hilo kilikuwa kimeondolewa.

Na yaliyofuata yalikuwa mengi. Mabasi ya UDA hayakutosha, watu wakaning'inia milangoni, mpaka mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, yaani dala, na jina daladala likazaliwa hapo. Mwaka 1984 masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yakalegezwa kwa wenye fedha zao za kigeni. Mzigo ukamiminika. Kariakoo ya mchicha na dagaa ikawa pia Kariakoo ya vitenge, redio, viatu na vipuri, na wateja wakaja mpaka kutoka Zambia na Kongo. Nyumba za Kiswahili zikaanguka moja moja, ghorofa zikaota mahali pake, kila ghorofa na maduka yake chini. Mtaa ukabaki na upana uleule wa enzi ya baiskeli. Sensa ya 1967 ilikuta mji wa watu kama 270,000. Sensa ya 2022 ikahesabu mkoa wa watu milioni 5.38.

Mwaka 1996 Baraza la Jiji likavunjwa mara ya pili, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja hadi 2000. Wazee wanaisifu Tume kwa kuzoa takataka na kuziba mashimo, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini tume haichaguliwi na wakazi, na mwenye kibanda hakuwa na diwani wa kumfuata nyumbani jioni. Februari 2021 Baraza la Jiji likavunjwa tena, Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Safari hii madiwani wa manispaa walibaki kwenye viti vyao. Hata hivyo hesabu inabaki palepale: mara tatu katika miaka isiyofika 50, chombo cha kuliangalia jiji zima kimevunjwa, na kila mara foleni haikuvunjwa pamoja nacho.

Huo ndio ukurasa wa historia ambao yule kijana mpole hakuwa nao. Njia panda zetu hazikuharibiwa na wingi wa magari peke yake. Ziliharibiwa na duka moja moja, kila moja likiingia bila swali, au swali likiulizwa na mtu asiye na mahali pa kulipeleka.

HESABU YA MACHINGA

Kuna kosa la upande wa pili pia, la jengo lililokosa wapita njia. Machinga Complex, pale Ilala karibu na uwanja wa Karume, ilikamilika mwaka 2010, ikusudiwe kuwatoa wamachinga barabarani. Vizimba vikakaa miaka mingi bila kujaa. Watu wakasema machinga mkaidi, kazoea vurugu. Wapi! Machinga ni mhasibu. Mteja wake ni mtu anayepita akielekea kwingine, na mtu huyo hapandi ngazi kwenda kununua soksi. Mwaka 2021 ilipotoka amri ya kuwaondoa tena kandokando ya barabara, swali lilikuwa lilelile: miguu inapita wapi?

Tusijidharau lakini. Mei 2016 mabasi ya mwendo kasi yalipoanza kutoka Kimara kwenda Kivukoni na Gerezani, yakipita Msimbazi, jiji lilionyesha kwamba linaweza kuhesabu watu. Njia ikatengwa kwa basi refu linalobeba watu zaidi ya 100, na pembeni pakajengwa njia ya miguu. Yana matatizo yake, kila abiria anayajua. Ila fikra ile ni sahihi: hesabu vichwa, acha kuhesabu mabati.

BARABARA NI YA NANI?

Nikarudi kwa shangazi na haya yote. Akanisikiliza huku anageuza vitumbua.

"Vizuri," akasema. "Sasa huyo anayetoa kibali, barabara ni yake?"

Nikanyamaza, maana hapo ndipo penye mfupa. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS tangu 2000. Zile zilizokuwa za halmashauri ziko chini ya TARURA tangu Julai 2017. Kwa hiyo halmashauri inaweza kukubali duka, halafu barabara itakayojazwa na duka hilo ikawa mikononi mwa ofisi nyingine, yenye bajeti nyingine. Buchanan alilionya hilo mwaka 1963: majengo huku, barabara kule.

"Basi wote waitwe siku moja," shangazi akasema, "wakae chini ya mwembe mmoja." Sijasoma pendekezo lililo bora kuliko hilo.

Sheria haimnyimi nafasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 zote zinatambua kwamba mwananchi asikilizwe. Ila kusikilizwa kunataka uwe na kitu mkononi, na kamati husoma karatasi. Nikachukua daftari la kurasa mia, nikakaa kwenye benchi la shangazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Ukurasa wa kushoto magari, pikipiki na bajaji. Ukurasa wa kulia miguu, mikokoteni, maguta na baiskeli. Kila kinachopita, kijiti kimoja.

Siku ya kwanza ukurasa wa kulia ulijaa kabla ya saa moja na nusu. Nikageuza, ukajaa, nikageuza tena. Wa kushoto ulikuwa bado una nafasi. Siku ya tatu watoto wa shule walishajua ninachofanya, wakawa wanapita wakipiga kelele, "Kaka, mimi umeniandika?" Nikawa najibu, "Nimekuandika." Wawili walinidanganya, walirudi wavuke tena ili waandikwe mara mbili. Nikawafuta mara moja, maana hesabu ni hesabu.

Niliona mambo ambayo jedwali halikuyaona. Niliona kwamba watoto hawavukii pale palipochorwa mistari, wanavukia mbele ya benchi la shangazi. Sababu ni kwamba yeye husimama na mwiko wake akasimamisha bodaboda. Kizuizi! Kumbe njia panda yetu ina trafiki asiye na sare, na taarifa inapendekeza aondolewe ili magari yapite vizuri.

Tuliandika barua, mimi na shangazi na wazazi wengine, saini zikajaa kurasa mbili, nyingine za dole gumba. Hatukuandika kwamba duka lisijengwe. Wapo vijana pale mtaani wanaolisubiri kwa ajira, na shangazi mwenyewe anasema wajenzi hunywa chai sana. Tuliomba matatu: miguu ihesabiwe sawa na magari, wenye barabara na wenye kibali wakae kikao kimoja, na mahali pa kuvukia pawekwe pale watu wanapovukia kweli, pamoja na nafasi ya wanaouza.

Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ilikaa. Mheshimiwa diwani wetu, lazima niseme ukweli, aliisoma barua yetu yote kwa sauti. Kamati ikairudisha taarifa kwa walioiandaa, wahesabu waenda kwa miguu, kisha walete upya. Kibali hakijatoka, na hakijakataliwa. Yule kijana mpole alirudi wiki iliyofuata na vijana wawili wenye fulana za kung'aa, wakakaa kwenye benchi lilelile. Shangazi akawapa chai, akawatoza bei ya kila mtu.

Daftari langu liko kwenye sanduku, kwa yeyote atakayelihitaji kikao kijacho. Nawe msomaji, kama kibao cha tangazo kimesimikwa njia panda ya kwenu, usingoje kusomewa. Nunua daftari na kalamu mbili, maana moja itaisha wino, tafuta benchi, uanze saa kumi na mbili kamili. Watoto wa shule huwahi.